Maandishi ya Hershel Ukutani kwa Bi Oma

Kwa miaka ishirini Verlene Combs hakuwahi kushika sepetu. Kazi yake ilikuwa sufuria. Mafuriko yakipiga bonde lolote la milima ya Kentucky, wanaume wa kikosi cha msaada cha kanisa lao la Baptisti huvaa fulana zao za njano wakapakia pampu na mitaimbo, naye hupakia maharage na unga wa mkate wa mahindi. Basi Ndugu Lonnie, kiongozi wa kikosi, alipomwona asubuhi ile na mabuti ya mpira miguuni, alidhani macho yamemdanganya.

"Dada Verlene, jiko umemwachia nani?"

"Mkeo. Mkila mkate mbichi leo, mtajua la kumwombea."

"Na wewe waenda wapi?"

"Kwa Bi Oma Stidham. Usijifanye hujui."

Lonnie alijua. Kikosi kizima kilijua.

Miaka minne nyuma maji yaliingia nyumba hiyohiyo, na Hershel, mume wa Verlene, alikuwa miongoni mwa walioijenga upya. Nao wana desturi yao: kabla ya kupigilia bodi za jasi za ukuta, kila mmoja huchukua penseli akaandika kwenye nguzo za mbao jina lake na neno la kheri. Kisha bodi hufunika, rangi hupakwa, na mwenye nyumba hulala akizungukwa na dua asizoziona.

Jioni ya siku hiyo ya penseli Hershel alimpigia mkewe simu. "Mama, nimekuandikia kitu ukutani, jikoni kwa Bi Oma."

Verlene, ambaye paa lake lilikuwa likivuja wiki ya tatu, akamjibu, "Ukutani kwa watu? Karatasi zimekwisha huko? Njoo uzibe paa!"

Hershel akacheka. Akarudi, akaziba paa, na kabla theluji haijayeyuka moyo wake ukasimama akivaa viatu. Alichoandika hakukisema. Verlene naye, kwa kiburi chake, hakuuliza.

Tangu hapo haipiti siku bila yeye kuuwaza ukuta ule. Lakini utabisha hodi kwa mjane mwenzio umwambie nini? Nibomolee jiko? Maji yaliporudi, Verlene alimlilia Bi Oma machozi ya kweli, na papo hapo, Mungu amsamehe, moyo wake ukaruka kwa furaha.

Maji yalikuwa yamefika kiunoni. Kanuni ya kikosi ni kukata bodi futi nne kutoka chini: iliyolowa inatoka, kavu inabaki. Verlene alichukua ukuta wa jikoni peke yake. Bodi zikaanguka kama uji. Kwenye nguzo ya tatu, ukingoni kabisa mwa bodi iliyobaki, penseli ikaonekana: Hershel.

Jina tu. Maneno yenyewe yalikuwa juu, nyuma ya bodi kavu. Mwanamume yule alikuwa mrefu, na kuinama hakukupenda.

Bi Oma alikuwa amesimama mlangoni na gauni la kuazima. "Kata, mwanangu," akasema. "Ukuta ni wangu, nami nimekuruhusu."

Lonnie akamkabidhi msumeno. "Dakika mbili tu, Dada."

Verlene akainua macho. Nusu ile ya juu ilikuwa bado ya buluu, na kalenda yake, na picha ya marehemu Stidham. Kitanda, friji, nguo za harusi, vyote vilikuwa rundo barabarani. Tangu asubuhi Bi Oma kila akipita aliugusa ukuta ule kwa kiganja, kama mtu apimaye homa ya mtoto.

Akamrudishia Lonnie msumeno.

"Acha. Miaka minne yuko pakavu. Nisimtoe."

"Utakufa hujui alichoandika!"

"Nitamuuliza mwenyewe. Na safari hii nitauliza kwa adabu."

Akachomoa penseli nyuma ya sikio la Lonnie bila kuomba, akapiga magoti matopeni. Nguzo ilikuwa imelowa, ikabidi akaze mkono. Chini ya jina lile akaandika: Paa halivuji tena, ila nyumba ina baridi.

Bi Oma akainama asome. Verlene akaziba kwa kiganja.

"Hii si yako, Bi Oma," akasema, na kiganja hakukiondoa.