Dada Mtu na Mbeleko

Tangu mwanawe mdogo aanze kusimama dede, wifi yangu hachoki kumsifu binti yake mkubwa: "Dada mtu ana moyo, jamani!" Mimi simwamini. Wema gani huu wa ghafla, kwa mtoto aliyekuwa akimfinya mwenzake juzijuzi tu? Kutwa anamshika vidole, anamkokota kutoka kitandani hadi mlangoni, na akianguka anamziba mdomo kabla kilio hakijamfikia mama. Jana mdogo akavuka sebule peke yake, akadondokea mapajani mwa mama yake. Tukapiga vigelegele. Dada mtu hakupiga. Alikwenda kuitoa mbeleko msumarini, akamtupia mama yake begani, akazunguka nyuma. "Huyu anatembea sasa," akasema. "Chuchumaa nipande."