9991 Haikuwa Nambari Tasa

Mwanangu, nakumbuka Jumanne moja nilipokuwa mwalimu mpya katika shule moja ya sekondari huku Muthetheni. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilidhani hesabu nimezimaliza. Nilikuwa nikiwafundisha Kidato cha Pili nambari tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Nikaandika ubaoni 9991.

"Hii ni tasa," nikasema. "Nimeijaribu mwenyewe."

Na kweli nilikuwa nimeijaribu nyumbani. Nilianza na mbili, tatu, tano, saba, nikapanda hivyo mpaka themanini na tisa. Haikugawanyika. Nikachoka, nikafunga daftari.

Msichana mmoja mpole, Mwikali, akainua mkono. "Mwalimu, mimi naona inagawanyika."

Hata sikumuuliza kwa nini. "Kaa chini," nikamwambia. "Juzi kugawanya kwa kumi na tatu kulikushinda, leo unanifundisha mimi?"

Darasa zima likacheka. Akaketi, akakikunjakunja kikaratasi alichokuwa nacho.

Ijumaa, Mwalimu Ndunge aliyekuwa mkuu wetu wa somo, mama aliyekaribia kustaafu, aliniita. Akanimiminia chai kwanza, ndipo akaniwekea kile kikaratasi mezani. Mwikali alikuwa amempelekea, akimwambia hataki tena kwenda mashindano ya hesabu.

Kilisema: 97 mara 103. Nikazidisha, nikarudia tena kuhakikisha. 9991.

"Uliishia wapi?" akaniuliza.

"Themanini na tisa."

"Aa, Kilonzo! Ilibaki moja tu. Mia mara mia ni elfu kumi, kwa hivyo kama nambari hiyo inagawanyika, lazima kigawo kimoja kiwe chini ya mia. Ungejaribu tisini na saba ungekuwa umemaliza." Akakisukuma kile kikaratasi karibu nami. "Lakini kukosea ubaoni si neno, hata mimi nimekosea sana. Mtoto alikuwa sahihi, nawe ukafanya achekwe. Hilo ndilo linaloniuma."

Sikuimaliza ile chai.

Jumatatu nikasimama mbele ya darasa lile lile. "Mwikali alisema kweli. Nilikosea hesabu, na yeye nikamkosea zaidi. Mwikali, nisamehe."

Aliangalia dawati lake. Kisha akasema polepole, "Ni sawa, Mwalimu. Lakini 9973 nimeijaribu kwa tasa zote chini ya mia. Hiyo ni tasa kweli."

Tukaijaribu pamoja, darasa zima, mpaka tisini na saba. Ilikataa kugawanyika. Mashindanoni alienda, akawa wa nne, akarudi amefurahi kama aliyeshinda.

Sasa nawe umepata kazi ya kufundisha, mwanangu. Mtoto akikwambia umekosea, muulize ameonaje kabla hujamjibu. Na ukimwaibisha mtu mbele ya watu, usimwombe radhi pembeni. Mwombe mbele ya watu hao hao. Utaona haya siku moja tu, naye hatabaki na aibu hiyo maisha yake yote.

Mungu akupe sikio la kusikiliza na moyo wa kurudi nyuma ukikosea, na wanafunzi wako wakuzidi.