Chewa wa Fundi Pindo

Dada yangu hushona sare za shule, na mtaani wanamwita Fundi Pindo. Kila sketi inayotoka kwenye cherehani yake ina pindo pana kama kiganja, na kila suruali imeachiwa kitambaa cha akiba kiunoni, kwa ajili ya mtoto atakayerefuka katikati ya mwaka. Wazazi wanampenda kwa hilo. Mimi humtania kwamba ipo siku atamshonea mtu sanda yenye pindo, naye hucheka huku pini ziko mdomoni, tabia ambayo nimeikemea tangu tuko wasichana mpaka nimechoka.

Kwa hiyo asije mtu akaniambia dada yangu hajui habari za kukua. Ndiyo maana suala la yule samaki liliniudhi tangu mwanzo.

Aliyemleta ni binti yake, mtoto wake wa pekee, wiki ile aliyokuwa anafunga virago. Alikuwa amepata kazi ya mbali, kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee wa watu, na hakutaka kumwacha mama yake peke yake. Mimi naishi chumba cha pili, ukuta kwa ukuta, lakini inaonekana sihesabiki. Akaleta tangi la kioo lenye ukubwa wa sanduku la nguo, pampu ndogo ya hewa, chumvi maalumu ya kuchanganyia maji, na ndani ya mfuko wa plastiki chewa mchanga, mweupe mwenye madoa meusi, aliyelingana na kidole gumba. Alikuwa mzuri, nisimnyime haki yake. Alipepea mapezi yake taratibu kama mtu anayeaga. Muuza samaki alikuwa ameapa kwamba samaki hakui kupita chombo chake, na dada akaamini. Mtu anayemwachia pindo mtoto wa chekechea aliamini maneno ya mfanyabiashara.

Kazi yenyewe aliiweza. Alijua kwamba maji ya tangi yakipungua kwa joto huongezi ya chumvi, unaongeza matamu, maana maji huenda hewani na chumvi hubaki pale pale. Kila wiki alichota sehemu ya maji ya zamani na kutia mapya aliyoyachanganya kwenye ndoo tangu jana yake. Ngisi alimkata vipande vidogo kwa mkasi wake wa nyuzi, mkasi ambao mimi nikiugusa tu nasikia maneno.

Kila Jumapili alasiri simu ililia. Dada huweka sauti ya nje, kwa kuwa sikio moja limepungua nguvu, kwa hiyo mazungumzo yao yote nimeyasikia bila kujificha.

"Shikamoo mama. Chewa hajambo?"

"Marahaba mwanangu. Hajambo."

"Amekula leo?"

"Amekula sana."

"Na maji umembadilishia? Ndoo umebeba mwenyewe?"

Basi ilikuwa hivyo, chewa mwanzo hadi mwisho. Mimi nilisalimiwa mwishoni, "mpe salamu mama mdogo," kana kwamba sikuwa nimekaa pale pale nikimenya viazi. Simu ikikatika dada alikaa na uso mkunjufu hadi jioni. Uso huo siku nyingine hakuwa nao.

Chewa akakua. Kwanza aliwameza samaki wawili wadogo waliowekwa kumpa kampani, na dada akasema labda wamejificha kwenye mawe. Nikamwonyesha tumbo la chewa. Akajitia hamnazo. Kisha akaanza kumpima kwa futi yake ya ushonaji, akiinyoosha juu ya kioo na kumsubiri apite, na kila alipopima aliikunja futi upesi. Ikafika mahali samaki akitaka kugeuka anakunja mkia kama mtu anayevaa shati ndani ya kabati. Maji nayo yakawa yanachafuka haraka, akawa anabeba ndoo kila siku ya pili, na mgongo wake ukaanza kulalamika.

Nikamburuta hadi kwa muuza samaki. Yule bwana alisikiliza, akajikuna shingo.

"Mama, huyo anafika urefu wa mkono wako mzima. Mlete. Kuna hoteli ina tangi kubwa kama chumba, watamchukua leo hii."

"Si ulimwambia mwanangu hakui kupita chombo?" dada akauliza.

"Hakui kweli. Anakufa kabla."

Njia nzima ya kurudi sikumwachia nafasi ya kupumua. Nilimwambia ampeleke samaki hotelini, ale ashibe, na yeye apumzishe mgongo. Tulipofika mlangoni akasimama, ufunguo mkononi.

"Akienda huyu, mwanangu atanipigia aniulize nini?"

"Atakuuliza wewe."

"Mimi haniulizi," akasema. "Hujasikia? Miezi yote hii haniulizi."

Nilitaka kumjibu, na mdomo wangu hauna breki, lakini nilikuwa nimesikia. Ilikuwa kweli. Nikaingia ndani nikabandika chai.

Baada ya hapo akampunguzia chewa chakula. Aliona asipokula atabaki mdogo. Nimeona watoto waliokosa chakula wakibaki wadogo, lakini hakuna aliyebaki mzuri, na chewa naye akawa hivyo: kichwa kikubwa, mwili umekonda, madoa yamefifia. Alikuwa anasimama kwenye kona akimtazama dada akikanyaga cherehani. Nilimwonea huruma yule samaki, na nilimwonea hasira dada yangu, na vyote viwili vilinikosesha raha ndani ya nyumba ile.

Ndipo binti akasema Jumapili ijayo atapiga simu ya picha. Amenunua simu mpya, anataka kumwona chewa.

Dada alichanganyikiwa kama aliyeambiwa mkaguzi anakuja. Siku nzima ya Jumamosi alimlisha. Ngisi, kamba, ngisi tena, ili tumbo lijae na mtoto asione mifupa. Nikamwambia pole pole, akaniambia nishughulike na viazi vyangu. Vipande ambavyo samaki hakuvimeza vilizama nyuma ya mawe, na dada hakuviona, kwa kuwa alikuwa anaangalia tumbo tu. Asubuhi maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, yananuka, na chewa ameelea ubavu mmoja juu. Tangi dogo namna ile halina pa kuficha uozo.

Hakulia. Alimtoa kwa mikono yote miwili, akamfunga kwenye kipande cha kitambaa cha sare, tukamzika kwenye kiwanja nyuma ya nyumba. Akarudi kukaa mbele ya simu.

Ilipolia akaziba kioo cha kamera kwa kidole.

"Shikamoo mama. Mbona sikuoni?"

"Marahaba. Kamera ya simu yangu imeharibika."

"Na chewa?"

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akanifinya paja, na dada akifinya anafinya kweli.

"Hajambo. Amekula sana. Amenenepa."

Upande wa pili binti akashusha pumzi.

"Basi moyo wangu umetulia. Mama, leo nikwambie. Wewe ukiulizwa hali unasema nzuri, hata ukiwa na homa unasema nzuri. Siku ile umelazwa hospitali nilijua kwa watu. Kwa hiyo nikaona nimuulize samaki. Samaki akila najua umeamka. Maji yakibadilishwa najua mgongo haujakuangusha. Yeye hawezi kunidanganya."

Dada akazidi kukandamiza kidole kwenye kamera.

"Mkataba wangu unaisha mwezi huu," binti akaendelea. "Nilikuwa nimeshawaambia narudi nyumbani, sina amani. Wananibembeleza niongeze miaka. Lakini kama mmefikia kunenepa wote wawili huko, basi nitaongeza. Au unasemaje, mama? Nirudi?"

Nilimtazama dada yangu. Nafasi ilikuwa pale, wazi, neno moja tu. Aliangalia tangi, maji yake yale ya mchele, pampu bado inapuliza. Kusema rudi ilikuwa kusema samaki amekufa, na kusema samaki amekufa ilikuwa kusema nimekudanganya dakika hii hii, siku hii hii uliyoniamini.

"Ongeza mwanangu," akasema. "Sisi hatujambo."

Ilipokatika nilimfokea. Nilimwambia mpigie sasa hivi. Nilimwambia mimi nitampigia. Akanishika mkono, akaniomba kwa jina la mama yetu nisimwaibishe kwa mtoto wake, na mimi mwenye mdomo wote huu nikanywea.

Binti ameongeza mkataba. Jumapili simu inalia kama kawaida, na mimi niko pale pale nikimsikiliza dada yangu akieleza chewa amekula nini. Wiki iliyopita alikuwa na homa, hakuweza hata kuinuka kitandani. Nilimshikia simu sikioni.

"Amekula sana," akasema. "Na maji nimembadilishia."