Taa ya Salma na Taa Yangu

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ni ile niliyoitoa taa ya tangi la samaki juu ya kioo chake, nikaiviringisha kwenye khanga, nikapanda nayo gari kutoka Kilosa kwenda Mikumi kwa mke mwenzangu. Nilikuwa bado kijana, mtoto wangu Zaina hajaanza shule, na wivu ulikuwa umenijaa kiasi kwamba hata chai ya asubuhi niliiacha mezani. Umeniuliza ununue taa gani kwa tangi lako la mimea. Nitakujibu, ila vumilia kwanza nikueleze habari hiyo, maana jibu langu limo humo.

Mume wangu Hamisi alikuwa fundi wa vioo. Alikata vioo vya madirisha, na mabaki aliyaunganisha kwa silikoni akatengeneza matangi ya samaki, akayauza kwenye nyumba za wageni za Mikumi. Huko ndiko alikokutana na Salma, aliyekuwa na mgahawa wake kando ya barabara kuu, akamwoa. Sikuambiwa na majirani. Aliniambia mwenyewe, ameketi, kofia mkononi, akaapa kwamba nitakachopata mimi ndicho atakachopata mwenzangu, wala hakuna atakayezidishiwa.

Alijitahidi, siwezi kumnyima hilo. Akinunua doti ya khanga, ananunua mbili za rangi moja. Alitutengenezea matangi mawili ya ukubwa mmoja. Kutoka Dar es Salaam alileta mmea wa majani mazito, ule unaoshikamana na gogo, ambao wauzaji huuita anubia. Akaukata shina katikati mbele ya macho yangu kwa kisu chake cha kazi: nusu yangu, nusu ya Salma. Mwishowe akaleta taa mbili za LED, ndefu, nyeupe, akasema ni sawasawa.

Tangi langu nililiweka sebuleni, chini ya dirisha linalopigwa na jua la alasiri, ili mpita njia alione. Taa niliiwasha tangu swala ya alfajiri mpaka tunapokwenda kulala. Nilitaka kila mtu ajue kwamba kwa mke mkubwa hakuna giza. Baada ya wiki kadhaa majani ya ule mmea yakaota manyoya ya kijani. Kioo kikashika utelezi. Nikikisugua leo, kesho umerudi. Na Hamisi, aliyekuwa ametoka Mikumi jana yake, akasema huku anakula wali wangu kwamba tangi la Salma limependeza, mmea umetoa majani mapya.

"Baba Zaina," nikamwambia, "taa yake si sawa na yangu."

"Ni sawa. Nimezinunua pamoja."

"Basi yake ina nguvu zaidi."

"Mama Zaina, hiyo ni taa tu."

"Kama ni taa tu, mbona hukuniletea ile?"

Akacheka. Nikamweleza kwamba nitakwenda kuziona kwa macho yangu, nazo zikitofautiana, narudi kwetu Masanze na mtoto wangu, asinifuate. Akatazama pembeni ya mlango, akaona mabegi yamekwisha kufungwa. Kicheko kikamwisha.

Nilifika Mikumi saa ya chakula cha mchana. Kitu cha kwanza kunichoma hakikuwa taa. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi mle mgahawani, ungo mapajani, anachambua mchele kama yuko kwake. Kwangu alikuwa hajafika tangu mwezi wa Ramadhani. Nikampa shikamoo yake, akaitikia. Salma akatoka jikoni anajifuta mikono.

"Shikamoo, dada."

Nilikuwa naliangalia tangi. Lilikuwa kwenye ukuta wa ndani, maji yake yanaonekana mpaka nyuma, na ile nusu ya mmea, ndugu ya ile yangu, imesimamisha jani changa la kijani kibichi. Wivu wa jani, mwanangu. Sijui kama umewahi kuuona.

"Shikamoo, dada," Salma akarudia. Dereva mmoja wa lori akaacha kutafuna.

"Mama Zaina," mama mkwe akasema bila kuinua macho kwenye ungo, "umesalimiwa."

"Nimesikia, mama. Nimekuja kuangalia taa."

"Taa haina haraka. Aliyekupa shikamoo amekupa ukubwa wako mwenyewe. Ukiukataa, unataka aupeleke kwa nani?"

"Marahaba," nikasema. Lilitoka kama mwiba wa samaki.

Nikaifungua khanga. Yule dereva akaitazama taa, akanitazama na mimi. "Mama, hapa umeme upo, ungekuja mikono mitupu tu." Watu wakacheka, Salma naye akacheka kisha akajiziba mdomo. Tukaziweka taa mbili mezani, ubavu kwa ubavu. Urefu mmoja. Maandishi ya nyuma ni yaleyale. Bado sikuridhika, nikaitundika yangu mahali pa yake, nikaiwasha. Mwanga ndani ya maji haukubadilika hata kidogo.

Nilikuwa nimesafiri na hasira yangu yote, na sasa sikuwa na mahali pa kuitua.

"Unaiwasha saa ngapi?" nikamuuliza.

"Dada, luku ya hapa inakimbia. Nawasha wateja wa mchana wakianza kuingia, nazima nikifunga jioni."

"Mbona umeitundika juu hivi?"

"Naogopa maji na umeme. Hamisi aliilaza karibu kabisa na maji. Alipoondoka nikaitia kamba nikaipandisha."

"Na dirisha?"

"Upande huu hakuna."

Hakujua lolote kuhusu mimea, naye hakujidai anajua. Alikuwa anaokoa uniti za umeme na kuogopa kupigwa shoti. Hilo liliniuma kuliko kama angekuwa mtaalamu: mwenzangu amepatia bila hata kujaribu, na mimi ninayesugua kioo kila siku nimekosa.

Mama mkwe akaweka ungo chini. "Wewe lako liko wapi?"

"Dirishani, mama."

"Na taa?"

"Inawaka kutwa."

"Basi mwanangu amewapa sawa. Wewe umejiongezea." Akaurudia mchele wake. "Salma, mpe mwenzio chakula, ametoka mbali."

Nilikula.

Niliporudi Kilosa, Hamisi alikuwa kizingitini, Zaina amelala mapajani mwake, mabegi yako palepale. Niliona jinsi alivyokuwa ananitazama miguu, kama anayetaka kujua itaelekea wapi. Nikamwambia, "Nisaidie kulisogeza tangi." Akamlaza mtoto kitandani, tukapunguza maji kwa ndoo, tukalipeleka ukuta wa ndani. Yale majani yenye manyoya nikayakata. Ilichukua muda, ila jani jipya lilikuja, safi.

Sasa nikujibu, mwanangu. Mimea uliyonayo, anubia na ule wa jamii ya kangaga unaofungwa kwenye jiwe, asili yake ni kivulini. Usiinunulie taa kali. Tafuta LED ya kawaida, nyeupe kama mwanga wa mchana, na ukipata yenye kitufe cha kupunguza nguvu, chukua hiyo. Zile za zambarau zinapendeza kwenye picha, lakini hazitakuonyesha rangi halisi ya jani. Tangi likiwa na kina kirefu, mwanga unafifia kabla ya kufika chini, hapo ishushe taa karibu na maji. Likiwa fupi, pandisha taa juu. Liepushe na dirisha. Anza na saa sita kwa siku, usizidi nane. Manyoya ya kijani yakiota, punguza saa au inua taa. Majani yakipauka na vikonyo vikirefuka kama vinatafuta kitu, ongeza kidogo. Kisha subiri wiki kadhaa kabla hujagusa tena, maana mimea hii inakua polepole na haijui kwamba wewe una haraka.

Na hili lingine ndilo kubwa. Wewe leo huna haja ya kupanda gari. Matangi ya watu unayo kwenye simu, yanawaka usiku na mchana. Utayatazama, utalichukia la kwako, utakwenda dukani. Kabla hujatoa pesa, jiulize unamnunulia nani taa hiyo: mmea, au yule uliyemwona. Sikuambii usione wivu. Mimi na Salma tumezeeka sasa, tunazikana na kuuguzana, na bado Hamisi akitoka Mikumi nasikiliza atasifia nini. Wivu ukija, uache ukae, ila usiupe swichi ya taa, wala mwenzio asikose marahaba yake kwa sababu ya wivu huo.

Mungu akupe nyumba yenye mwanga unaoitosha, akupe macho ya kukiona kilichomo ndani yake, na anayekuja kwako kwa salamu asiondoke bila kuitikiwa. Amina.