Lori la Guka na Mlango wa Nyuma

Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, si binamu ya jirani. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua mtu akisikia habari za mzimu, swali lake la kwanza ni nani alikuwa amelewa. Mimi sinywi. Nilikunywa ujana wangu wote ukaisha, nikaokoka, na sasa kinywaji changu ni chai. Na kama unangoja usiku wa manane na bundi, utangoja sana. Ilikuwa saa tisa mchana, hapa Mweiga, watu wakipakia viazi ng'ambo ya barabara.

Jina langu sitalitaja. Jua tu kwamba ni la guka, yaani baba ya baba yangu. Kwetu kifungua mimba akiwa mvulana hupewa jina la guka yake, na hapo anakuwa guka mwenyewe. Ndiyo maana baba yangu hajawahi kuniita kwa jina. Huniita "baba." Nikiwa na miaka minne, makamasi yakinitoka, mwanamume mzima ananiambia, "Baba, kuja ukule." Nililelewa kwa heshima hiyo na niliipenda, nisikudanganye. Guka alikuwa dereva wa lori la jeshi wakati wa vita vya Hitla, na habari zake zilisimuliwa kwetu kila Krismasi: lori likatumbukia mtoni huko mbali, makanika aliyekuwa nalo akafa maji, guka akaogelea, akarudi nyumbani, akaoa cucu, nyanya yetu. Bila yeye kujua kuogelea sisi sote hatungekuwako. Tulikuwa tunapiga makofi hapo.

Mwaka jana ukoo uliamua kufanya ibada ya kumkumbuka. Mimi ni fundi wa bati. Natengeneza mifereji ya mvua na majiko, lakini watu wananijua zaidi kwa malori madogo ninayounda kwa madebe. Kwa hiyo nikapewa kazi ya kuunda lori la guka, likae mbele ya kanisa siku hiyo. Wakati huohuo mke wa kijana wangu, mwanangu wa kwanza, alikuwa mjamzito, na pale Nyeri mjini walikuwa wameshaambiwa ni mvulana. Unajua jina lililokuwa likimngoja. Nilitembea Mweiga kifua mbele, guka mbele yangu na mjukuu nyuma yangu, sote watatu jina moja.

Nilikuwa na picha moja tu. Guka ameweka mguu kwenye ngazi ya lori, kofia imeinama upande. Nililipima kwa kutumia urefu wake mwenyewe, nikaamua kila futi ya lori iwe inchi moja yangu. Bodi nilikata kwa debe la mafuta ya kupikia, magurudumu nikachonga kwa raba ya tairi kuukuu, usukani nikaupinda kwa spoku ya baiskeli. Hata nati za magurudumu nilizihesabu kwa kioo cha kukuza. Shida ilikuwa nyuma. Halikuwa lori la turubai. Lilikuwa na sanduku kubwa la mbao na bati, karakana inayotembea, ambamo makanika alirekebisha magari ya msafara. Picha haikuonyesha mlango wa sanduku hilo.

Basi mchana huo ukungu wa Nyandarua ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Mlango wa kibanda changu ni mabati mawili, na yote mawili yalikuwa wazi, nimeyaegemeza kwa mawe. Nikasikia mtu anasema, "Nifungulie."

Nikainua kichwa. Kijana wa miaka ishirini na kitu, koti refu la khaki, amesimama kwenye kizingiti.

"Kwani imefungwa?" nikamuuliza.

"Nifungulie," akasema tena, kwa upole.

Nikadhani ni mzaha wa vijana wa siku hizi. Nikaenda, nikashika bati ambalo tayari lilikuwa wazi, nikalisukuma kidogo. Hapo ndipo akaingia. Akaniita kwa jina, jina tupu, bila "mzee" wala "fundi," kama tulitahiriwa siku moja. "Umezeeka, rika yangu," akasema. Mimi nina miaka hamsini na mitatu. Huyo angeweza kuwa mwanangu wa pili. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe vipande vyake, lakini alikuwa amepiga magoti mbele ya lori.

"Hii madigadi ya kushoto umefanya nzuri sana," akasema. "Yetu ilikuwa imebonyea. Ni wewe uligongesha kwa ukuta."

Nikachukua picha, nikavaa miwani. Madigadi ya kushoto ilikuwa imebonyea kweli. Nilikuwa nimeitazama picha ile miezi miwili bila kuona.

Utaniuliza, hukushtuka? Nilishtuka. Lakini niamini, mimi nimefanya kazi hii miaka mingi na watu huniambia tu, "Kazi safi, mzee," wakaenda zao. Huyu aliona kila kitu. Aliniambia bomba la moshi lilitokea upande gani, na kwamba ngazi ya kulia ilikuwa imefungwa kwa waya. Nikajiambia labda amesoma mambo ya vita, au ana kasoro kidogo kichwani, na katika hali zote mbili ananifaa. Alipoondoka nilikuwa natamani kesho ifike.

Kesho ikafika, naye akafika, saa ileile, "nifungulie" ileile. Safari hii nilicheka nikamfungulia mlango ulio wazi kwa mbwembwe zote. Nikamuuliza kuhusu nyuma. Akaniambia mlango ulikuwa mmoja, na komeo lilikuwa nje.

"Na mtu akiwa ndani?" nikauliza.

"Kulikuwa na handle ya ndani. Ilivunjika hapa Sagana tu, hata hatujafika mbali. Nilikuambia, ukasema utaweka ingine. Basi ukawa unanifungia kwa nje tukitembea, tukifika unanifungulia." Akanitazama. "Ulikuwa unanifungulia kila mara. Hiyo nayo niseme."

Maneno hayo yalinipita. Alikuwa akisema "wewe" na mimi nilikuwa nasikia "guka," na akilini nilikuwa nachora komeo. Ibada ilikuwa Jumapili na hii ilikuwa Alhamisi. Usiku ule nikaunda mlango, nikaunda komeo dogo zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuunda. Halafu nikafanya kosa la fundi mwenye haraka. Ndani ya sanduku hakukuwa na kitu, wala hakuna mtu angechungulia, kwa hiyo sikuweka bawaba. Niliuchomelea mlango kwa risasi ya kulehemu, pande zote nne, nikapaka rangi juu. Ukiutazama, ungeapa unafunguka.

Ijumaa alikuja. Nilimfungulia, akaenda moja kwa moja nyuma ya lori, akachuchumaa. Nikawa nangoja sifa zangu.

"Na hii," akasema, "nifungulie."

"Hiyo haifunguki, kijana. Nimechomelea."

Akagusa komeo kwa ukucha. Akalisukuma, likakataa. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Maji ilikuwa imefika hapa," akasema, akaonyesha shingo yake. "Nilikuwa nagonga. Kulikuwa na tundu ya msumari, nilikuwa nakuona. Ulitoka ukasimama kwa ukingo. Komeo ilikuwa bado juu ya maji. Ulikuwa na wakati."

Nilimwambia mimi si guka, guka alikufa kabla sijazaliwa.

"Si ni wewe?" akasema, akataja jina letu. "Nilikuwa nimepeleka mbuzi ya mahari kwa kina Wambui. Ulijua. Wewe ndio ulinisindikiza." Wambui ni cucu yangu. Nimelala mgongoni kwake. "Na leo tena umenifungia," akasema, akatoka.

Nilimfuata mbio. Nje kulikuwa na ukungu, na mama anayeuza chai ng'ambo ya barabara, mtu tunayefahamiana naye miaka kumi. Nikamuuliza kijana ameenda wapi. "Kijana gani?" akasema. "Siku tatu unaongea na hiyo lori peke yako. Nilidhani uko na earphones."

Nilikwenda shambani kwa baba yangu hivyohivyo, na aproni yangu. Mzee ana karibu miaka themanini na bado anakama ng'ombe wake mwenyewe. Nilimsimulia yote akiwa kwenye kigoda chake. Nilidhani ataniambia nikapumzike, au ataita mchungaji. Aliuliza jambo moja tu.

"Alikuita nani?"

"Aliniita kwa jina."

Akavuta pumzi, na wallahi uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyetua mzigo. "Guka yako alikuwa akimwona mpaka akakufa," akasema. "Hakuwahi kumfungulia. Halafu huyo kijana akakuja kwangu. Mama yako alikuwa na mimba yako. Nilikuwa hapa tu, nakama, akasimama hapo kwa mlango. Akanieleza vile amekueleza."

"Na wewe ukafanya nini, mzee?"

Akatazama ndani ya ndoo. "Nilimwambia mimi si yeye. Mimi niko na jina ingine. Nikamwambia angoje kidogo, mwenye jina anakuja."

Nimewahi kusalitiwa. Rafiki aliwahi kunichongea kwa mwajiri, mke wangu wa kwanza alinikimbia. Hayo nilimaliza kuyalilia. Lakini hili sijui pa kuliweka. Baba yangu alinitoa kabla sijazaliwa, kisha akaniita "baba" miaka hamsini na mitatu kwa sauti tamu, na kila aliponiita alikuwa akimwonyesha yule kijana pa kunipata. Hakunionya hata siku moja. Neno moja tu lingetosha, "mwanangu, akija mtu akisema hivi, mfungulie." Kama ningeambiwa, ningeweka bawaba.

Nilirudi kibandani, nikaukata ule mlango kwa mkasi wa bati, nikaweka bawaba mbili, nikauacha wazi. Nilikaa hapo mpaka giza. Jumamosi nilikaa kutwa. Hakuja. Jumapili lori lilisimama mbele ya kanisa na mchungaji akamsifu guka kwa ujasiri wake, binamu zangu wakapiga picha. Kuna aliyeniuliza kwa nini nyuma ni wazi. Nikamwambia ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Mwoga mimi, sikusema zaidi.

Lakini kijana wangu nilimwambia. Nilikwenda kwake Nyeri, nikakaa naye kwenye gari lake, nikamweleza kila kitu. Nikamwomba mtoto asipewe jina langu. Wampe la babake mama yake, wavunje desturi, watu waseme watakavyosema. Hakunicheka. Alinishika bega akasema, "Sawa, Dad. Nimeskia. Si tutampea ya kwao." Nililala vizuri wiki tatu.

Mtoto alizaliwa Jumanne asubuhi. Nilifika hospitali saa ya kuwaona wagonjwa, na ndizi mkononi, nikamkuta baba yangu amenitangulia. Mzee ambaye hata kanisani siku hizi haendi, huletewa ushirika nyumbani, alikuwa amebebwa na gari la jirani mpaka Nyeri, amevaa kofia yake ya sherehe, mtoto yuko mapajani. Alikuwa ameshamwita. Alikuwa akilirudia jina letu polepole, na wauguzi wanacheka kwa furaha.

Kijana wangu hakuweza kunitazama. "Dad, ni mzee ndio amemuita," akasema. "Ningemwambia nini? Na mimi niko na jina yake." Ni kweli, yeye ndiye jina la mzee. Kwetu kumkatalia mzee wako mbele ya watu ni jambo moja, na kumkatalia wa jina lako ni lingine.

Nilisogea kumchukua mtoto. Mzee akanivuta mkono wa shati, akaninong'oneza, "Usiogope tena, baba. Sasa iko mwingine. Wewe umepona."

Alikuwa anatabasamu. Alidhani amenipa zawadi.

Tangu siku hiyo sijaunda lori lingine. Nyumbani kwangu hakuna mlango wenye komeo la nje, wa binadamu wala wa kuku, na majirani wamenizoea. Shambani kwa mzee napeleka dawa zake na unga, naweka mezani. Akiniita "baba" siitiki. Najua ni mzee, najua alikuwa kijana mwenye hofu na mke mjamzito. Bado siitiki.

Basi wewe unayesoma haya, kama umepewa jina la mtu, usitosheke na yale ya Krismasi. Mtafute aliye mzee kuliko wote kwenu, mkae wawili, umuulize jina hilo lilifanya nini kabla halijakufikia. Akikwepa, muulize tena. Na ukishaambiwa, usilikabidhi kwa mtoto kimyakimya ukadhani umemaliza. Mimi nimeandika haya ili wa kwangu ayapate hata nikiwa sipo.

Amefikisha miezi saba. Ameanza kulijua jina lake. Ukimwita anageuka na kucheka, hata kama hajui ni nani anayemwita.