Ruhusa ya Siku Tatu ya Feliksi

Boti ya Mwamgongo hufika gati la Kibirizi, Kigoma, saa nane mchana, ikichelewa sana saa tisa. Alhamisi ile ya mwaka tisini na saba, saa kumi ilipita na Feliksi hajaonekana getini. Bi Mwanakombo alikuwa ameshatoka mara sita kuchungulia barabara. Mara ya saba aliona haya mbele ya wagonjwa, akajifanya anakagua bawaba za geti.

Alikuwa afisa ustawi wa nyumba moja ya Rusimbi, wanakotibiwa watu wazima wenye maradhi ya akili, wakaishi humo miezi, wengine miaka. Watoto wa mtaani waliiita kwa vichaa. Bi Mwanakombo, mzaliwa wa Kasingirima, binti wa mshona kofia, aliwajibu kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, kisha akawatimua na kandambili mkononi. Mama yake alikufa akisikitika kwamba mwanawe alisoma hadi Dar es Salaam ili arudi kukaa na wendawazimu. Kwa miaka kumi na mmoja Bi Mwanakombo hakuwahi kujuta. Siku ile alijuta.

Maana ruhusa ilikuwa yake. Feliksi, mvuvi wa Mwamgongo, aliletwa miaka mitatu nyuma amefungwa kamba za nyavu, baada ya kuingia ziwani na nguo zake akisema kuna anayemwita huko chini. Njiani aliwauma watu wawili. Bi Mwanakombo alimfunza kidogo kidogo: ukiambiwa panda, panda, ukiambiwa kaa, kaa, foleni ikienda, nenda nayo, usibishane na mwenye sare. Walifanya mazoezi uani, benchi likawa ndiyo boti. Feliksi akatulia hata Gervasi, muuguzi mkuu, akasema angependa wanawe nao wafunzwe hivyo. Ndipo Bi Mwanakombo akamwandikia ruhusa ya majaribio, siku tatu kwa dada yake Marcelina. Alitia saini peke yake, kwa kuwa Gervasi alikataa.

"Na sindano yake ni Jumamosi," Gervasi alimkumbusha sasa. "Ikimpita, unajua mwenyewe. Ataanza tena kusikia akiitwa."

"Najua, Gervasi. Usinitie homa."

Homa alikuwa nayo tayari. Alijitanda khanga yake akaenda Kibirizi.

Yona, nahodha wa boti, alikuwa akikumba maji chomboni. "Alishuka, mama," alisema. "Dada yake alinikabidhi, nami nimemfikisha. Ila tumekuta wanajeshi wanakagua watu. Si unajua, Warundi waliokaa vijijini wanapelekwa kambi za wakimbizi. Asiye na karatasi anapanda lori."

"Feliksi ni Muha wa hapa hapa!"

"Mimi nimesema hivyo hivyo. Yeye mwenyewe hakusema kitu. Ameambiwa panda, akapanda. Tena wa kwanza."

Bi Mwanakombo alikumbuka kabati lake. Barua ya kijiji iliyomtambulisha Feliksi ilikuwa kabatini ofisini, pamoja na karatasi za wenzake wote, imefungiwa kwa ufunguo isipotee. Utaratibu huo aliubuni mwenyewe, akasifiwa. Alirudi Rusimbi karibu akikimbia, akaichukua barua, akauliza njia hadi uwanja walikokusanywa watu, nje kidogo ya mji.

Malori mawili yalikuwa yananguruma. Ndani ya uzio wa kamba walikaa watu na sufuria zao na mafurushi. Wengine walikuwa wameishi Kigoma miaka ishirini na zaidi, mihogo yao ilikuwa bado shambani, na walikuwa wakilia. Karani wa zamu aliisoma barua akatikisa kichwa.

"Barua kila mtu anaandika, mama. Leo nimeletewa nyingi. Mwite. Akithibitisha mwenyewe, mchukue."

Feliksi alikuwa wa tatu kwenye mstari, mgongo wima, mikono magotini, vile vile alivyokaa kwenye benchi la uani.

"Feliksi! Toka hapo, twende nyumbani."

Alimtazama, kisha akamtazama askari. "Foleni haijaenda, Bi Kombo," alisema kwa upole.

"Unamjua mama huyu?" karani aliuliza.

"Ego," aliitikia kwa Kiha. "Namjua."

"Ni nani wako?"

Feliksi alifikiri. "Ndiye anayetuambia panda, kaa."

"Basi ni askari mwenzetu," askari alisema akicheka.

Aibu ilimchoma Bi Mwanakombo kuliko hofu yote ya mchana ule. Alitaka kujitetea, ila mtu alipiga kelele watu wapande, na mstari mzima ukainuka. Feliksi naye akainuka. Akipanda ndiyo basi, nani huko kambini atajua habari za sindano? Atalifuata tena ziwa kwa miguu.

"Feliksi," alisema, "sikwambii panda, sikwambii shuka. Wewe unataka nini?"

Katika miaka mitatu hakuwahi kumuuliza hivyo. Feliksi alisimama pale pale, na waliokuwa nyuma yake wakamgonga.

"Lori silitaki," alisema. Kisha akapaza sauti. "Silitaki! Kwetu Mwamgongo! Baba yangu Anatoli, mchonga mitumbwi! Marcelina ni dada yangu! Sipandi!"

Ilikuwa ile sauti ya siku aliyoletwa, siku aliyowauma watu. Bi Mwanakombo alifurahi na kuogopa kwa pamoja, akashindwa hata kusogea. Karani alitazama barua, akayakuta majina yale yale, akamfuta Feliksi daftarini.

Jua lilikuwa linazama walipofika Rusimbi. Barua ilikuwa mfukoni mwa Feliksi mwenyewe, na njia nzima alikuwa akilalamika: maharage ya nyumba hii hayapendi, shati lake linabana, benchi lile la uani ni la kipuuzi. Ofisini Bi Mwanakombo alivuta kiti kama alivyozoea.

"Kaa, Feliksi."

"Nitasimama."

Gervasi aliyekuwa mlangoni alimtazama Bi Mwanakombo, na Bi Mwanakombo akatazama kalenda ukutani. Keshokutwa ilikuwa siku ya sindano, na safari hii angelazimika kumwomba Feliksi.