Jina la Kaka Yake Languida

Ukishuka Rubona ukauliza sambaza walio safi, hao samaki wadogo wa ziwa letu, watakuonyesha meza ya Languida. Ana mkono mwepesi, na ulimi wake ni mwepesi zaidi. Mteja akilalamika kwamba samaki ni wadogo, humwambia akae hapo angoje wakue. Hujaza kopo lake la bati mpaka linafanya kilima, na kwa mtu anayempenda huongeza viganja viwili juu yake. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wapendwa. Nyongeza yangu ilikuwa kubwa mpaka mke wangu akaanza kuniuliza maswali.

Jina langu ni Anastase. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa vizazi na vifo katika ofisi ya komini, serikali ya mtaa wetu. Languida namjua tangu anatambaa, kwa kuwa kati ya nyumba yangu na ya mama yake, Kampire, pana ua mmoja tu.

Alikuwa na kaka mmoja, Ntwari, aliyevua sambaza. Mitumbwi yetu huenda mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na mtu mmoja huongoza wimbo ili makasia yashuke kwa pamoja. Huyo mtu alikuwa Ntwari. Mwaka 1995 upepo uliwapindua. Wenzake walirudi wakiogelea, yeye alipatikana siku ya tatu. Languida alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akarudi mezani kwake, maana mama yake alikuwa hana mtu mwingine. Kilichobaki cha kaka yake kilikuwa kadi ya ubatizo, iliyoandikwa na padri kwa wino wa buluu.

Baada ya miaka miwili aliolewa na Karenzi. Huyu alizaliwa upande wa Kongo, Masisi, akarudi Rwanda na ndugu zake baada ya vita, akawa anauza vitenge kati ya Goma na Gisenyi. Alikuwa mtanashati, mwenye salamu ndefu. Siku tatu za wiki alilala Rubona na nne alikuwa "kwenye biashara". Languida hakuwa na shaka naye. Alimhadithia habari zote za kaka yake, na akamwambia kwamba akijaliwa mtoto wa kiume atamwita jina lile.

Mwanzoni mwa mwaka 1999, mimba ikiwa ya miezi saba, alikuja ofisini kwangu. Alifunga mlango, akafungua fundo la kitenge chake, akatoa ile kadi.

"Papa Anastase, najua jina haisemwe mbele ya siku ya munane," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini mi naogopa. Kama ni mutoto mwanaume, utaandika kama padri aliandika. Na r."

Wasiojua watashangaa kwa nini mtu ahangaike kwa herufi moja. Ulimi wa Kinyarwanda hauna ugomvi kati ya r na l. Kalamu ndiyo iliyoleta ugomvi. Hapa ziwani tunasikia r na kuandika Ntwari. Waliotoka Masisi na Goma huvuta l, nao huandika Ntwali, na ukiwasahihisha wanakuangalia kana kwamba umewatukania bibi. Nimesuluhisha kesi nyingi za namna hiyo, nyingine kwa kupaza sauti.

"Na mume wako anasema nini?" nilimuuliza.

Uso wake ulifunguka. "Kwao wanaandikaka l. Mi nilijua tutagombana. Lakini alisema: Languida, ni kaka yako, andika vile unataka, mi sina tatizo. Wanaume ngapi wanaweza kuachia vile?"

Hapo niliinamisha kichwa kwenye makaratasi. Miezi kumi kabla ya siku hiyo, Karenzi alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile. Alikuja kuandikisha mtoto wa kiume. Mama wa mtoto aliitwa Dative, mkazi wa mjini Gisenyi. Jina la mtoto: Ntwali, kwa l. Alisema mjini foleni ni ndefu, akanikonyeza, na jioni akaniletea chupa mbili za bia. Nilizinywa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi.

Ningeweza kusema siku ile. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili tu, na nilimbeba mgongoni yule binti alipokuwa mdogo. Nikajiambia kwamba kazi ya karani ni kuandika, na ya nyumba za watu hayamhusu. Zaidi ya kunyamaza, nikafungua kinywa nikamwambia, "Mume wako ni mutu muzuri."

Akaniachia kadi niitunze, akaenda zake anatabasamu.

Alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa nne. Siku ya nane tulikusanyika uani kwa Kampire. Desturi yetu mnaijua: siku hiyo mama na mtoto wanatoka nje kwa mara ya kwanza, na watoto wa ndugu na majirani wanakuja kula chakula cha mtoto mchanga, tunachokiita ubunnyano. Kwanza wanapewa vijembe, wanalima kidogo pembeni mwa nyumba. Mtu anawarushia maji yawe mvua, wanakimbia wakipiga kelele mpaka kwenye mkeka, wanakula maharage na mboga. Wakishiba, kila mmoja anamtajia mtoto huyo mchanga jina. Baba husema mwisho, na la baba ndilo linalobaki.

Watoto wa ukoo wa baba hawakosekani kwenye mkeka huo. Karenzi hakuweza kukwepa. Kaka yake, Rutayisire, hakuja, nadhani kwa aibu, lakini mkewe aliwatuma watoto wao wawili kutoka mjini. Sisi watu wazima alikwisha kutufunga midomo, mmoja kwa undugu na mwingine kwa bia. Watoto hakuwakumbuka.

Wakaanza kutaja. Mtoto wa jirani akasema Habineza. Mwingine akasema mtoto aitwe Voiture, yaani gari, tukacheka. Ikafika zamu ya Ingabire, binti wa Rutayisire, wa miaka sita, aliyezaliwa Goma, Kiswahili chake kitupu.

"Mi namuita Ntwali," alisema.

Watu wakashangilia. Jina halikuwa limetajwa na yeyote. Languida alishika kifua, machozi yakamtoka kwa furaha, akamvuta yule mtoto karibu. Aliamini kaka yake amejileta mwenyewe.

"Nani alikuambia hii jina, mama?"

"Hakuna mutu," Ingabire alijibu huku akiramba vidole. "Ni papa Karenzi anaita watoto yake vile. Kwa mama Dative tulilimaka pia, tukakula, akamuita Ntwali. Kule kulikuwa nyama."

Kampire aliweka chini sahani aliyoishika. Karenzi alisimama, kwa sababu zamu yake ilikuwa imefika, na alikuwa mtu wa kufuata zamu.

"Bon," alisema. "Languida, usikilize. R mi nilikuachia wewe."

"Ulinipatia herufi moja," Languida alisema. "Jina yenyewe ulipelekea mwingine."

Hakupaza sauti. Mimi ningependa apaze, tungepata la kufanya, hata kuamua ugomvi. Aligeuka akanitafuta kati ya watu mpaka akaniona.

"Papa Anastase. Iliandikwa?"

"Iko mu kitabu," nilisema.

"Siku mi nilikuja na kadi, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nikijua."

"Na ukaniambia ni mutu muzuri."

Alimchukua mtoto akaingia naye ndani. Watoto walimaliza maharage, kwa sababu watoto wenye njaa hawaachi sahani, na siku hiyo baba hakutaja jina.

Wiki iliyofuata walikuja ofisini, yeye mbele, Karenzi nyuma amebeba mwavuli wa mkewe kama mtumwa. Nilikuwa nimejiandaa. Nilinunua kalamu mpya, na usiku uliotangulia niliandika lile jina mara nyingi pembeni mwa gazeti, na r nzuri kama ya padri. Nilidhani nikiliandika vizuri atanisamehe kidogo. Ndiyo akili ya makarani.

"Jina la mtoto?" niliuliza.

"Habineza," alisema.

Nilitazama usoni mwa Karenzi, maana sheria ilitaka baba aseme. Akaitikia kwa kichwa.

"Languida, mutoto yangu," nilisema, "kaka yako..."

"Kaka yangu ni mumoja," alinikatiza. "Sitamuita mutoto jina ya mutoto ya Dative. Nipatie kadi."

Niliitoa kwenye saraka. Aliipangusa pande zote mbili kwa kitenge, ingawa haikuwa na vumbi, akaifunga tena kwenye fundo. Niliandika Habineza. Kwa Kinyarwanda neno lenyewe lina wema ndani yake.

Karenzi bado yupo, siku tatu kwa nne kama zamani, isipokuwa sasa kila mtu anajua zile nne ni za wapi. Kwake Languida ana maneno, wanagombana, wanapatana. Kwangu hana neno hata moja baya. Nikifika mezani ananiamkia, ananiuliza hali ya mke wangu, anajaza kopo. Kisha anapitisha kiganja juu yake, analisawazisha mpaka kwenye ukingo, na kinachomwagika anakirudisha kwenye beseni.